Kapasita Zilizokuwa Zikifa Mchana: Uchambuzi wa Kisa cha Hamoniki ya Saba

Kiwanda chenyewe kinatengeneza mabomba ya plastiki. Kina transfoma moja ya kVA 1000 inayoshusha umeme kutoka volti 11,000 hadi 400, na kando ya bodi kuu limesimama kabati la kapasita za kurekebisha pawa fakta, yaani sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi halisi: hatua nane, mafungu yanayoingizwa na kutolewa moja moja, kila hatua kvar 50 (kvar ni kipimo cha ukubwa wa kapasita hizo). Kabati hilo lilifanya kazi kwa miaka bila mtu kulisemea neno. Kisha uongozi ukaamua kuondoa staata za zamani kwenye mashine kubwa na kufunga draivu, yaani vile vifaa vinavyobadili masafa ya umeme ili kudhibiti kasi ya mota. Mzigo wa draivu ukafika kama kW 300. Mzigo uliobaki, kama kW 450, ni mota za kawaida. (Tarakimu nimezikadiria ili anayesoma aweze kupiga hesabu pamoja nami.)

Tangu hapo kapasita zikawa hazikai. Ukifungua kabati unakuta kopo la alumini kifuniko kimeinuka. Kuinuka huko si ajali, ndivyo lilivyoundwa: gesi ikijaa ndani, kifuniko hupanda na kukata waya za ndani kabla kopo halijapasuka. Pembeni fyuzi moja imeungua kati ya tatu, na ncha za kontakta, swichi inayoingiza na kutoa hatua, zimeshikana kana kwamba zimechomelewa. Transfoma nayo ikawa inavuma kwa sauti ya juu kuliko zamani na kupata joto lisiloelezeka, maana mita ya bodi kuu ilionyesha haijafika hata asilimia 80 ya uwezo wake. Baadhi ya draivu zilijizima zenyewe kwa kosa la volteji kuzidi.

Fundi mkuu alikuwa na jibu tayari. "Mhandisi, hizi kapasita za siku hizi ni feki tu." Zikabadilishwa kwa za kampuni nyingine, nazo zikafa. Jibu la pili likawa joto la kabati, feni zikaongezwa, na kapasita zikaendelea kufa. Jibu la tatu ndilo lililopendwa kuliko yote: umeme wa gridi ni mchafu. Ushahidi wake ulionekana mzito, kwa sababu siku ambazo gridi ilikatika na kiwanda kikaendeshwa kwa jenereta, hakuna kapasita hata moja iliyokufa.

Ushahidi huo ulikuwa wa kweli. Kasoro ni kwamba hakuna aliyeuliza kabati la kapasita lilikuwa katika hali gani saa hizo. Swichi ya kubadilisha chanzo ilikuwa imefungwa waya wa kuzima kabati zima mara jenereta inapochukua mzigo. Kapasita hazikufa kwenye jenereta kwa sababu hazikuwa kazini.

Walichopima, na walichopaswa kupima

Mafundi walikuwa wameshapima mkondo wa kabati kwa klempu mita. Ilionyesha ampea 480 hivi kukiwa na hatua sita. Kwa kvar 300 kwenye volti 400, mkondo halali ni ampea 433, kwa hiyo waliona umezidi kidogo tu, hakuna cha kutisha. Shida ni kwamba klempu ile ilikuwa ya bei rahisi, ya aina inayopima wastani wa wimbi na kuuzidisha kwa namba moja ikiamini kuwa wimbi ni sini safi. Wimbi likivurugika, namba yake si ya kuaminika. Klempu inayosoma thamani halisi, ile yenye maandishi ya True RMS, ilitoa karibu ampea 600.

Tofauti hiyo ndiyo inayoua. Kiwango cha IEC 60831 kinataka kapasita ya volteji ndogo iweze kuvumilia mfululizo mkondo wa mara 1.3 ya mkondo wake wa kawaida. Ampea 600 kwa 433 ni karibu mara 1.4. Klempu ya kwanza iliwaambia wako salama ilhali walikuwa wameshavuka mpaka.

Ikafungwa mita ya kuchunguza ubora wa umeme kwenye upande wa volti 400 wa transfoma, ikaachwa irekodi wiki nzima. Wiki si muda wa kubahatisha. Kiwango cha EN 50160 kinapima volteji kwa wastani wa dakika kumi kumi ndani ya wiki, na asilimia 95 ya vipimo hivyo lazima iwe ndani ya mipaka. Kwa jumla ya mvurugiko wa volteji, kipimo kinachojulikana kama THD, mpaka wake ni asilimia 8. IEEE 519 nayo inaweka asilimia 8 kwa volteji isiyozidi volti 1000.

Grafu ya wiki ilionyesha kitu ambacho mafundi hawakuwa wamekitaja kwa maneno. THD haikupanda na kushuka taratibu kufuata mzigo. Ilikuwa ikiruka kama ngazi. Asubuhi ilikaa chini ya 8, mchana mashine zote zikiwa kazini ikaruka juu ya 14, zamu ya usiku ikashuka tena. Kila mruko uliangukia dakika ileile ambayo kidhibiti cha pawa fakta kiliingiza au kutoa hatua ya kapasita. Mvurugiko unaotokana na mzigo peke yake hauwezi kuruka hivyo wakati mashine hazijabadilika.

Kwa hiyo siku moja ya mzigo kamili kidhibiti kikawekwa kiendeshwe kwa mkono, hatua zikaingizwa moja moja huku mita ikisoma. Kabla ya kuzirudisha zilizotoka, zilisubiriwa zipoe chaji, maana kiwango kinaipa rezista ya ndani dakika tatu kuishusha kapasita hadi volti 75, na kuikimbiza ni kujitafutia balaa. Matokeo yalikuwa haya:

Kapasita zote zikiwa nje, THD ilikuwa asilimia 4 na ushei. Hatua nne, karibu 8. Hatua tano, zaidi ya 10. Hatua sita, zaidi ya 14. Hatua saba ikarudi kwenye 12 na nusu.

Yaani mzigo uleule, draivu zilezile, gridi ileile. Ukizima kabati, umeme wa kiwanda uko ndani ya kiwango. Ukiliwasha kwa hatua sita, unavurugika mara tatu na zaidi. Kwangu mimi kesi ya "umeme wa gridi ni mchafu" ilifia hapo.

Hesabu

Draivu za kawaida zenye daraja la diodi sita huvuta mkondo kwa mapigo, na mapigo hayo yakichambuliwa hutoa masafa ya ziada, mafungu kamili ya masafa ya umeme wenyewe, yanayoitwa hamoniki nayo hufuata mpango maalumu: hamoniki ya 5, ya 7, ya 11, ya 13, na kuendelea. Kwenye umeme wa Hz 50, ya tano ni Hz 250 na ya saba ni Hz 350. Kwa draivu zile, ambazo nyingi zina choki (koili ya kulainisha mkondo) ndani, hamoniki ya tano ilikuwa kama ampea 156 na ya saba kama ampea 54. Ukiziangalia hivyo, ya saba ni kitu kidogo. Ampea 54 kwenye mfumo ambao transfoma yake inabeba ampea 1443 ni nani wa kuisumbukia?

Hapo ndipo kapasita na transfoma zinapokutana. Transfoma kwa tabia yake ni induktansi, yaani inatenda kama koili. Kapasita ikiwekwa sambamba nayo, kuna masafa fulani ambayo viwili hivyo vinabadilishana nishati kwa uhuru, huyu akitoa yule akipokea, na mkondo mdogo unaoingia kwa masafa hayo unakuzwa. Hiyo ndiyo resonansi. Kuikadiria hakuhitaji programu. Chukua nguvu ya shoti kwenye bodi, yaani nguvu ambayo chanzo kingeimwaga pale waya zikigusana, gawa kwa kvar za kapasita zilizoingia, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu ni namba ya hamoniki ambayo mfumo utaipigia kelele.

Transfoma ya kVA 1000 yenye impedansi (ukinzani wake wa ndani kwa mkondo) ya asilimia 6 ina nguvu ya shoti ya MVA 16.7. Gridi upande wa volti 11,000 ilikuwa na MVA 150. Ukiziunganisha unapata MVA 15, yaani kVA 15,000. Sasa gawa kwa kvar 300 za hatua sita: 50. Kipeuo chake ni 7.07.

Saba nukta sifuri saba. Mfumo ulikuwa umetegwa juu ya hamoniki ya saba kwa usahihi ambao mtu angetaka kuupata kwa makusudi angehangaika. Zile ampea 54 za draivu zikageuka kuwa kama 380 ndani ya kapasita. Ukijumlisha na 433 za kawaida na 156 za hamoniki ya tano, kwa njia ya kipeuo cha jumla ya miraba, unatua karibu na 600 za klempu. Hamoniki ya saba ya volteji peke yake ilifika asilimia 12 na nusu, wakati EN 50160 inairuhusu 5.

Hesabu hiyohiyo inaeleza joto la transfoma. Hasara za mikondo ya eddi, mikondo inayojizungusha ndani ya chuma na kukipasha joto, ndani ya waya za transfoma huongezeka kwa mraba wa namba ya hamoniki. Ampea 100 za hamoniki ya saba zinaleta hasara hizo sawa na ampea 700 za kawaida. Nilipojumlisha hamoniki ya tano na ya saba zilizokuwa zikipita kwenye transfoma, zilitoa hasara za eddi zaidi ya mara nne ya zile ambazo transfoma ingepata ikibeba mzigo wake wote kwa wimbi safi. Mita ya bodi ilisema asilimia 77, wakati waya zilikuwa zikipata joto la mzigo mwingine kabisa.

Halafu kuna jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike kisa hiki. Rekodi za matengenezo zilionyesha kwamba kapasita mpya zilikuwa zikifa mapema kuliko zile za zamani zilizobaki ndani ya kabati, na hilo ndilo lililowathibitishia mafundi habari ya feki. Lakini fikiria. Kapasita inapokufa nusu, kvar za kabati zinapungua. Kidhibiti kinadhani kimeingiza 300 kumbe zilizopo ni 240. Gawa 15,000 kwa 240, kipeuo ni 7.9, resonansi imesogea mbali na saba na mfumo unatulia. Fundi anakuja, anabadilisha zilizokufa, anarudisha 300 kamili, na resonansi inarudi palepale kwenye saba. Kapasita mbovu zilikuwa zikiwalinda wenzao. Kila matengenezo yaliyofanywa vizuri yalirudisha ugonjwa, na fundi aliyekuwa mwangalifu zaidi ndiye aliyeunguza nyingi zaidi.

Resonansi yenyewe ilikuwapo tangu kabati lilipofungwa. Mota za kawaida hazitoi hamoniki za kuiamsha, kwa hiyo ililala.

Dawa zilizopendekezwa

Pendekezo la kwanza lilitoka ndani: tununue kapasita za volteji kubwa zaidi, ziwe ngumu. Kapasita ngumu ingeishi muda mrefu zaidi, ni kweli, lakini THD ingebaki ileile, transfoma ingeendelea kuchemka na draivu zingeendelea kujizima. Ni kumvalisha helmeti mtu anayepigwa badala ya kumzuia anayepiga.

La pili lilikuwa kupunguza hatua, kidhibiti kisivuke tatu. Linavutia kwa sababu halina gharama. Lakini kvar 150 zinaweka resonansi kwenye 10, jirani na hamoniki ya 11, na jaribio lilionyesha hivyo: kwa hatua tatu THD ilikuwa juu kuliko kwa hatua nne. Kwenye kabati la hatua nyingi huwezi kukimbia resonansi kwa kupunguza hatua. Unaihamisha tu.

La tatu lilikuja na muuzaji: filta amilifu ya ampea 300, mashine inayopima hamoniki na kuingiza mkondo wa kinyume ili zifutane. Ni kifaa kizuri, na kuna mahali ambapo sina mbadala wake, hasa pale mzigo unapobadilika kila sekunde. Hapa sikukikubali. Kapasita zikiwa zimetegwa kwenye saba, filta ingekuwa inashindana na kikuza sauti, na filta iliyowekwa karibu na resonansi inaweza yenyewe kuanza kuyumba. Tena, kapasita zikiwa nje mfumo ulikuwa na asilimia 4. Hapakuwa na hamoniki nyingi za kufutwa. Palikuwa na kitu kinachozikuza.

Kilichochaguliwa ni riakta za kuondoa mtego: koili moja ya awamu tatu mfululizo na kila hatua ya kapasita. Riakta ya asilimia 7 inafanya hatua nzima iwe na resonansi yake yenyewe kwenye Hz 189, chini ya hamoniki ya tano. Kuanzia Hz 250 kwenda juu, hatua hiyo inaonekana kama koili, na koili mbili sambamba, ya transfoma na ya hatua, hazifanyi resonansi. Kungekuwa na hamoniki ya tatu nyingi kati ya awamu, ningechagua asilimia 14, ambayo inakaa kwenye Hz 134. Hapa haikuwapo.

Kuna mambo mawili ambayo watu hukosea kwenye kazi hii. Mosi, kapasita za zamani hazifai tena. Riakta inapandisha volteji ya kapasita: 400 ikigawiwa kwa 0.93 ni volti 430 kabla hujagusa hamoniki, kwa hiyo zikafungwa za volti 525. Hapo meneja wa ununuzi akashtuka kuona kopo limeandikwa kvar 80 wakati tulikubaliana hatua za 50. Hakuna aliyeibiwa. Kvar 80 ni kwa volti 525. Kwa volti 400 kapasita hiyo inatoa 46, na riakta inazipandisha hadi 50. Pili, usichanganye hatua zenye riakta na zisizo nazo ili kuokoa fedha. Zile zisizo na riakta zitatengeneza resonansi mpya na kila kilicho sambamba nazo.

Kabati likabadilishwa lote, maana riakta zinatoa joto na la zamani halikuwa na nafasi. Riakta ziliwekwa chumba chake juu ya kapasita, swichi ya joto ya kila riakta ikaunganishwa kukata kontakta yake. Wakati vifaa vinasubiriwa, kabati la zamani lilizimwa kabisa na kiwanda kikakubali kulipa faini ya pawa fakta. Mhasibu hakufurahi, lakini faini ilikuwa nafuu kuliko transfoma.

Baada ya kazi

Kwa mzigo kamili na hatua sita, THD ya volteji ikawa karibu asilimia 3, chini ya ile ya kapasita zikiwa nje. Hilo huwashangaza wengi, ila lina sababu: hatua zenye riakta zinameza sehemu ya hamoniki ya tano, hapa kama ampea 60 kati ya 156. Mkondo wa kapasita ukashuka hadi ampea 437. Hasara za eddi zinazotokana na hamoniki kwenye transfoma, kwa hesabu ileile ya awali, zilishuka kutoka zaidi ya mara nne hadi chini ya moja ya sita, na mvumo wake ukarudi wa kawaida.

Kwa upande wa gridi, IEEE 519 inalinganisha mkondo wa shoti na mkondo wa mzigo kwenye mpaka wa mteja, ambao hapa uko volti 11,000 kwa kuwa transfoma ni ya kiwanda. Uwiano huo ni karibu 196, na kiwango kinaruhusu jumla ya mvurugiko wa mkondo asilimia 15. Kiwanda sasa kinatoa 9 na ushei. Kabla ya kazi kilikuwa kinatoa karibu 45, kwa hiyo kama kulikuwa na mchafuzi kwenye laini ile, majirani ndio waliokuwa na haki ya kulalamika.

Kilichobaki ni jenereta. Ni ya kVA 800 na riaktansi yake ya ndani ni kubwa kuliko ya transfoma, kwa hiyo draivu zikiwa kazini bila kapasita, hamoniki ya tano ya volteji inapita asilimia 9. Ule waya wa kuzima kabati ulikuwa na maana kwa kabati la zamani: kvar 300 bila riakta kwenye jenereta ile zingeweka resonansi kwenye 4.4, karibu na hamoniki ya tano. Kabati jipya halina hatari hiyo, na likiachwa kazini lingeishusha hamoniki ya tano hadi chini ya 4. Lakini mzigo ukiwa mdogo, kapasita zikizidi, pawa fakta inageuka upande wa pili na kidhibiti volteji cha jenereta kinaweza kupoteza mwelekeo. Kwa hiyo waya haukuondolewa, ulihamishwa: sasa unaruhusu hatua mbili tu, na mpaka mzigo wa jenereta uvuke kW 400.